Meno Yaliyonolewa Kwingine

Wapo wanawake wanaonusa shati la mume anaporudi nyumbani. Dada yangu hupapasa mnyororo wa msumeno.

Mume wake anapasua mbao. Hununua mti uliosimama, akauangusha kwa msumeno wa injini, kisha akaupasua palepale ulipolala na kuwauzia maseremala. Tangu waoane, yeye anakata na dada ananoa. Hawakukaa wakapanga hivyo. Mwanzoni kabisa mwa ndoa, shemeji alirudi amechoka, akasahau mnyororo butu juu ya meza. Dada, ambaye hawezi kulala na kisu butu jikoni, akachukua tupa akajaribu. Kesho yake shemeji alirudi akasema msumeno umeingia kwenye gogo kama kwenye papai bivu. Basi, kazi ikawa ya dada.

Mahali pa kuweka vitu hivyo alijitengenezea mwenyewe, kwenye ukuta wa ujia unaotoka jikoni kwenda chumbani. Aliokota mabaki ya bomba pana la plastiki, lile la kupitishia maji machafu, akayakata vipande vifupi na kuvipanga bega kwa bega juu ya ubao, vikaonekana kama sega la nyuki. Kila mnyororo una tundu lake. Humo ndani ametandika kipande cha fulana kuukuu kilicholoweshwa oili, maana mnyororo mkavu haukawii kuliwa na kutu. Tupa zinakaa upande wa pili, mbali na oili, zimesimama kwenye kigogo alichokitoboa matundu, kila moja peke yake, na mpini wake wa gunzi la mahindi. Tupa zikilala pamoja husagana meno, na zikipata oili huteleza badala ya kukata.

"Mnyororo ni kama mtoto," aliniambia nilipomuuliza. "Unataka mafuta na kubebwa. Tupa ni kama mama mkwe. Ikae pakavu, ikae peke yake, na usiiguse bila sababu."

Mgeni akija, huonyeshwa ukuta huo kabla ya kuonyeshwa kiti. Shemeji mwenyewe alikuwa akisimama pembeni akijidai kana kwamba ndiye aliyeujenga. Nilikuwa nikiwatazama wawili hao na kuwaonea gere kidogo. Si watu wote wanaopata bahati ya kuhitajiwa na mwenzao kwa kitu kinachoshikika mkononi.

Siku mambo yalipoharibika, nilikuwepo, maana nakaa kwao. Shemeji aliingia jioni, akaweka mfuko wake mlangoni. Dada akatoa mnyororo kama kawaida, akapitisha kidole gumba kwenye meno. Akasimama. Akapitisha tena.

"Baba watoto, leo hukufanya kazi?"

"Nimefanya. Mti mzima uko chini."

"Mbona mnyororo mkali hivi?"

"Ulikuwa mti laini."

"Mti laini siku hizi unanoa msumeno?"

Shemeji akasema maji ya kuoga yatapoa, akaondoka. Maji yenyewe yalikuwa bado hayajabandikwa.

Dada akaupeleka mnyororo dirishani, akauinamia mpaka pua ikakaribia kuugusa. "Njoo uone," aliniambia. "Huyu aliyeunoa anapandisha mkono anapomaliza kusukuma tupa. Mimi sipandishi. Mimi naenda sawa mpaka mwisho." Sikuona kitu. Niliona chuma tu, na uso wa dada yangu ukibadilika.

Kuanzia hapo hakula vizuri. Usiku alikuwa akigeuka kitandani, shemeji akimuuliza ana nini, anasema joto. Mchana alikuwa akitoa minyororo yote kwenye mabomba, anaikagua, anairudisha, na kila aliporudisha mmoja alikuwa ananiambia, "Na huu pia." Nikamwambia labda shemeji ananoa mwenyewe huko msituni. Akanitazama kwa huruma. "Yule? Yule hata penseli huchongewa na watoto."

Aliyefumbua fumbo ni seremala, tena bila kujua. Alikuja kuulizia mbao, akatukuta mimi na dada tu barazani, akakaribishwa chai.

"Mama, mfikishie mzee pongezi zangu," alisema akipuliza kikombe. "Mbao za safari hii safi sana. Hazina tumbo hata kidogo."

"Kwani zamani zilikuwa na tumbo?"

"Aaa, mama! Zamani zilikuwa na mimba kabisa! Unaweka ubao mezani, unabembea." Akacheka peke yake, mabega yakitikisika. "Lakini tangu aanze kupitia kwa Mama Spoku jioni, zimenyooka kama rula." Alipoona hakuna anayecheka, akashusha kikombe. "Kwani nimesema nini?"

"Hujasema kitu, baba," dada alimjibu. "Kunywa chai yako isipoe."

Mama Spoku ni mjane wa fundi baiskeli. Mume alipofariki, watu walidhani atafunga karakana. Akavaa ovaroli la marehemu, akakunja mikono, akaendelea. Hayo tuliyajua. Tusichokijua ni kwamba ananoa pia minyororo ya misumeno.

Dada alivaa hereni. Kwenda kwenye karakana ya baiskeli, dada yangu alivaa hereni na gauni la kwendea arusini, akaning'iniza begani mfuko wa mumewe wenye minyororo. Alitangulia kwa hatua ndefu. Nilitembea nyuma yake nikiomba tumkute yule mama ametoka.

Tulimkuta. Na kabla hatujamwona yeye, tuliona dari yake. Alikuwa ametundika rimu kuukuu za baiskeli, zimelala kama sahani na kuzunguka kila unapozigusa, na ukingoni mwa kila rimu akapachika ndoano za waya. Kwenye ndoano ilining'inia minyororo ya wapasuaji wa pande zote, inang'aa kwa oili, kila mmoja na kibati chenye alama ya mwenyewe. Ukitaka mnyororo, unazungusha rimu mpaka ukufikie. Tupa zilikuwa ndani ya mirija ya pampu za baiskeli iliyopigiliwa ukutani, na kizibo juu kuzuia unyevu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dada aliitazama rimu moja ikizunguka taratibu, akaisimamisha kwa kidole. Nadhani hilo lilimuuma kuliko yote aliyokuwa ameyabeba kutoka nyumbani.

Mama Spoku akatokea nyuma ya baiskeli iliyopinduliwa, grisi mpaka kwenye viwiko. "Karibuni, ndugu zangu. Ni baiskeli au msumeno?"

"Ni mume," alisema dada.

Mama Spoku akacheka, kisha akauona mfuko, akaacha. "Ahaa. Wewe ndiye wa ukuta wa mabomba. Mumeo anausifu mpaka tunachoka. Hizi rimu unazoziona nilizianza baada ya kumsikia yeye."

"Kwa hiyo minyororo yangu umeichukua, na ukuta wangu umeuiga."

"Dada yangu, kaa kwanza."

"Nimekuja kusimama."

Mama Spoku hakubishana. Alichukua mnyororo mmoja kutoka kwenye mfuko, ule ambao dada aliunoa upya mwenyewe majuzi, akaubana kwenye jiliwa. Akamwomba dada apapase. Dada akapapasa, akasema ni mkali, na ulikuwa mkali kweli. Kisha yule mama akachukua kijiti cha kiberiti, akakilaza juu ya jino linalotazama kulia, akakivunja kwa urefu wa jino hilo. Akakihamishia kwenye jino linalofuata, linalotazama kushoto. Kijiti kikabaki kimechomoza.

"Kulia kwako ni kuzuri kuliko kwangu," alisema. "Kushoto unakula sana. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi, msumeno unavuta, ubao unatoka na tumbo. Mimi sikushindi kunoa, nasawazisha tu."

Dada alikipokea kijiti akakijaribu mwenyewe, jino hili na lile, mnyororo mzima. Miaka yote hiyo alikuwa akipima ukali kwa kidole, hakuwahi kupima urefu. Zamani macho yalimfanyia kazi hiyo bila yeye kujua. Sasa jicho moja lilikuwa na ukungu, nasi sote nyumbani tulikuwa tumezoea kumwona akigeuza kichwa anapotazama kitu.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi aliniambia kwamba akikwambia wewe, atakuwa amekunyang'anya kazi."

"Na kukuletea wewe, hapo amenipa?"

Mama Spoku alifuta mikono kwenye tambara, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshasafika kadiri ya kusafika.

Jioni shemeji alikuta mfuko wake umewekwa katikati ya meza ya kulia. Akaelewa, akavuta kiti polepole.

"Nilidhani itakuwa kwa muda tu, mama watoto."

"Kwa muda mpaka nife?"

"Mbao zilikuwa zinarudishwa. Nikaona nikikwambia, utaumia."

"Ungeniambia jicho limezeeka, ningelia, ningenyamaza, yangekwisha. Sasa mji mzima unajua kuwa mbao zangu zilikuwa na mimba, na mwanamke mwingine ndiye mkunga."

Shemeji alicheka kabla hajajizuia. Akajizuia. "Basi nitamwacha. Unoe wewe, tuone."

Nilimwona dada akilipima hilo. Angeweza kulikubali, na mbao zingeendelea kupinda, nao wangekula upendo huo mpaka maseremala waishe. Alichezea hereni yake.

"Anoe yeye," alisema hatimaye. "Lakini minyororo italala hapa. Unampitishia jioni ukitoka kazini, unarudi nayo. Sitaki hata mmoja ulale kwenye rimu zake."

"Hautalala."

"Na kibati chenye alama yako akitoe. Leo hii."

Shemeji alivaa viatu vyake akaenda, na chakula kikamsubiri.

Tangu hapo mabomba yako palepale na oili hubadilishwa kama zamani. Nilimpeleka dada kliniki ya macho, akapewa dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Lakini kila jioni, shemeji anapoingia, yeye huupeleka mnyororo dirishani na kuanza msako. Hupapasa ukali, hupima urefu kwa kijiti, jino kwa jino. Anatafuta kosa. Jioni baada ya jioni hakulipata, na kila alipokosa alikuwa akikunja mdomo kama mtu aliyetukanwa, anausukumiza mnyororo kwenye tundu lake, kisha anagombana na sufuria.

Mpaka juzi. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia ananiita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kushtua ndege.

"Njoo. Njoo haraka. Weka kidole hapa. Hili."

Nikaweka. Lilikuwa butu.

"Amelisahau," alinong'ona. "Mama Spoku mzima, karakana nzima, amelisahau jino."

Alichukua tupa, akalinoa mwenyewe, taratibu, akipima kwa kijiti kila baada ya kusukuma. Mumewe hakuambiwa. Usiku huo tulikula nyama, ingawa haikuwa siku ya nyama, na asubuhi shemeji alipokuwa akitoka, dada alimfuata mpaka mlangoni akamwambia amsalimie sana Mama Spoku, na amwambie anafanya kazi nzuri.