Mguu wa Bibi Kando ya Wangu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile niliyokuwa nikiongoza maksai shambani kwetu Ganako, katika miaka ya sabini. Mvua ilikuwa imenyesha, na mteremko ulikuwa unateleza. Maksai wa upande wa chini akaanguka, akaniangukia mguuni. Goti langu likapinda kwenda pembeni, kule ambako goti halipindi, na nikasikia kitu kimeachia ndani.

Kwetu kila kitu kiko mteremkoni. Maji yako chini, kuni ziko juu, shamba liko katikati. Nikiwa nimelala kwenye matope yale, niliwaza jambo moja tu: kama sitapanda na kushuka tena, nitaishije hapa?

Mjomba Paskali, aliyekuwa ameshika jembe la maksai, alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la mazao lililotufikisha hospitali ya misheni. Kila mtu alilitazama goti, maana lilikuwa limevimba kama boga. Daktari yeye alianza kwa kugusa juu ya mguu, karibu na vidole.

"Natafuta mapigo," akasema. "Vizuri, damu inafika. Sasa, binti, inua kidole gumba kije usoni kwako."

Nikakitazama kidole. Kikanitazama. Hakikusogea.

Alitueleza taratibu, nami nakueleza hivyo hivyo. Goti linafungwa na kano, kama kamba zinazoshika mfupa na mfupa. Zangu zilikuwa zimechanika. Lakini pembeni pa goti, upande wa nje, karibu kabisa na ngozi, unapita mshipa wa fahamu. Huo ndio unaopeleka amri ya kuinua mguu, na ndio unaoleta habari za ngozi ya juu ya mguu. Goti lilipopinda, mshipa nao ulivutwa.

"Nadhani haujakatika," alisema. "Unaweza kurudi, ila polepole, kwa miezi mingi. Usiporudi, tutazungumza habari ya kupasua na kuhamisha kano nyingine ije iuinue mguu. Kazi yenu ni kuutunza mguu wakati tunasubiri."

Akafunga goti plasta, akijaza pamba pale mshipa unapopita ili usibanwe. Mguu nao akauwekea banzi usining'inie. Kila siku ilibidi tuuvute kwa kitambaa kuelekea juu, kwa sababu misuli ya nyuma ya kisigino ikikaza, hata mshipa ukirudi mguu hautainuka. Mwisho akamgeukia Bibi, mama yake mama, aliyenilea, ambaye alikuwa ametufuata hospitalini.

"Mama, asiote moto peke yake. Ataungua na hatasikia."

Unaijua baridi ya kwetu ya mwezi wa sita. Bila moto hukai. Tuliporudi nyumbani, Bibi alichukua kigoda chake, akakihamishia upande wangu wa jiko, akavua kiatu. Akaweka mguu wake mtupu sambamba na wangu, mbele ya mafiga.

"Wangu utakuwa unasikia kwa niaba ya wako," alisema.

Moto ulipouchoma mguu wake, aliuvuta nyuma pamoja na wangu. Hivyo ndivyo tulivyoota moto, yeye na mimi, msimu baada ya msimu.

Plasta ilipotolewa nikaanza kutembea kwa gongo. Goti lilishika, lakini mguu ulipiga chini pwata, pwata. Watoto wa jirani wakapata cha kusema: "Bata huyo, anakwenda mtoni!" Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Mjomba Paskali naye alichoka kuninyoosha mguu.

"Martina," akaniambia, "goti limepona. Banzi la nini tena? Mguu wenyewe hata hauumi!"

Bibi akamtazama. "Paskali, mtoto mchanga akinyamaza siku nzima, wewe unashangilia?"

"Hapana, mama. Naenda kumwangalia."

"Haya. Na mguu huo nenda kauangalie."

Siku ya mnada Mjomba alirudi na katambuga, viatu vya tairi. Ya mguu mbovu alikuwa ameitilia mpira wa tyubu uliovuta vidole juu, ukafungwa kwenye mkanda chini ya goti. Daktari alipoiona alifurahi, ila aliushusha mkanda hadi katikati ya muundi, huu mfupa wa mbele ya mguu, usije ukabana mshipa ule ule.

Kila tulipokwenda hospitali, daktari alinigongagonga kwa ncha ya kidole kutoka gotini kushuka. Mahali fulani nilihisi kama sisimizi wanakimbia. Mwanzo walikuwa chini tu ya goti. Baadaye wakawa kwenye muundi.

"Mshipa unarudi, unatembea kushuka," alisema.

Asubuhi moja ya mvua, Bibi alikuwa akigombana na Mjomba kuhusu mbuzi walioingia kwenye maharage. Nikarudisha mguu nyuma.

"Mbona umeutoa?" Bibi akauliza.

"Moto, Bibi. Unachoma."

Akautazama mguu wake, ambao bado ulikuwa mbele ya mafiga. "Wangu haujasikia," akasema. Halafu akanyanyuka, akachukua kigoda chake, akakirudisha upande wake wa jiko. Mbuzi wakasahaulika.

Kidole gumba kiliinuka baadaye, kidogo kidogo. Mpaka leo nikichoka mguu huburuta, lakini maji nilichota na shamba nililima.

Basi, mwanangu, ukiumia goti vibaya, wahi hospitali, na usitazame goti peke yake. Jaribu kuinua vidole, gusa ngozi ya juu ya mguu, na usiposikia kitu, sema siku hiyo hiyo. Usikubali kuchuliwa wala kuvutwa kwa nguvu. Vaa ulichopewa, nyoosha kisigino, na usidhani mguu usiouma umepona. Wapo ambao mshipa haukurudi. Hao nao walitibiwa, wakatembea.

Mungu akulindie magoti yako kwenye miteremko hii. Na siku ukiumia, akupe mtu wa kuvua kiatu na kuweka mguu wake kando ya wako.