Mtunzi wa Wimbo wa Mwenye Mtumbwi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kufunguliwa, mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kilwa aligeuza nusu ya duka lake la vitenge pale Mbinga mjini kuwa duka la kanda za muziki. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja nilimwandikia barua ya kumwomba shule yetu ipewe vitambaa vya sare kabla ya muhula kuanza. Vitambaa tulivipata, lakini kilichomvutia zaidi ni mwandiko wangu.

“Mwalimu,” aliniambia, “watu wakinunua kanda wananiuliza huyu anayeimba ni nani, katoka wapi, na mimi sina la kuwajibu. Niandikie maneno machache ya kila mmoja, niyaweke ndani ya kava.”

Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Habari za waimbaji wa taarabu alinisimulia yeye mwenyewe, kwa kuwa wengine aliwaona kwa macho yake utotoni. Za wapiga rumba tulizikusanya kwa madereva wa malori, na mara nyingi madereva wawili walitupa maisha mawili tofauti ya mtu yule yule. Niliandika lile nililoona linaelekea kuwa kweli, nikabaki na maswali. Nilitaka kujua mpiga gita yule alijifunzia wapi, au bibi yule wa taarabu alimpikia nani kabla ya kupanda jukwaani. Kazi ya kuandika mistari sita ilinifanya nisikilize muziki kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea.

Jumamosi moja mzee wa duka alikuwa anarekodi nakala za kwaya ya Litembo kwenye deki moja, na kwenye redio ya kaunta alikuwa anajaribu kanda ya bendi ya dansi ya hapo hapo mjini. Nilimwomba azime deki. Kisha nikamwomba azime redio, awashe deki. Tuliangaliana. Kwaya ilikuwa inamwomba Bwana mwenye mtumbwi asiwaache ng’ambo, bendi ilikuwa inamlilia msichana, lakini tuni ilikuwa moja.

“Nani kamwibia nani?” mzee aliuliza.

Nilisema nitakwenda kuuliza.

Mwalimu wa kwaya ya Litembo nilimkuta shambani kwake, anapogolea kahawa. Alikuwa mtu mzima, katekista wa miaka mingi, na nyimbo zake zilikuwa zinaimbwa mpaka makanisa madogo ya vigango vya mbali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha ndani na kunionyesha nota zake. Alikuwa ameziandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, maana kuna miaka karatasi nyingine hazikupatikana. Kila ukurasa ulikuwa umekatwa kwa kisu, umekunjwa na kushonwa kwa uzi wa gunia. Aliniambia anatunga akiwa anatembea kati ya mibuni, na sauti ya besi humjia kwanza, jambo ambalo mpaka leo sijalisikia kwa mtunzi mwingine.

Nilipouliza kuhusu wimbo wa mtumbwi, alivua kofia.

“Tuni si yangu,” alisema. “Zangu ni sauti tatu za chini na maneno. Nilikuwa natembelea wagonjwa hospitalini, nikamkuta kijana amefungwa plasta mguu mzima. Alikuwa anaimba polepole kwa lugha ya kule ziwani, macho ameyafumba. Mimi nilidhani anasali.”

“Ukamwuliza?”

“Mtu akisali humkatizi. Nilirudi nyumbani nikaiandika kabla haijanitoka.”

Kijana huyo sikuhangaika kumtafuta, kwa sababu nilikuwa namfahamu. Ndiye mpiga gita la solo wa ile bendi, na mchana alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya soko la Mbinga. Alikuwa bado anachechemea kidogo. Gita lake alilitundika ukutani juu ya cherehani, na nyaya mbili kati ya zile sita zilikuwa za breki ya baiskeli. Nilimweleza alivyodhaniwa hospitalini, naye akaacha kukanyaga pedali.

“Si uongo, nilikuwa kama nasali. Mguu ulikuwa unauma sana, dada. Ule ni wimbo wa mama alipokuwa ananibembeleza, kule Ngumbo. Lakini yeye alizaliwa Chiwanda, na alisema ni wimbo wa kioda, wa dada yake mkubwa. Mama yangu hayupo tena. Mama mkubwa yupo.”

Kioda ni ngoma ya wanawake wa ziwani, wanaoicheza kwa mistari, wamevaa sare, na kila kundi lina mtunzi wake. Shule zilipofungwa, mzee wa duka aliniazima redio kaseti na betri mpya, nikaifunga kwenye kitenge na kupanda lori la kushuka Mbamba Bay. Kwenye zile kona za mteremko niliishika mapajani kama mtoto mchanga. Kesho yake nilipata usafiri mpaka Chiwanda.

Mama mkubwa nilimkuta anaanika mihogo kwenye mwamba karibu na maji. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye umri wa kuwa bibi yangu. Mume wake alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, anashona wavu. Nilisalimia, nikataja jina la yule mtoto wa mdogo wake, na mkeka ukatandikwa mara moja. Nilimweleza shida yangu. Alielekeza kidole kwenye redio.

Niliweka kanda ya kwaya. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na wanawake waliokuwa wanafua wakasogea. Ilipofika kiitikio aliniuliza, “Bwana gani huyo wanayemwomba?”

“Bwana Yesu, mama.”

Aligeuka akamtazama mume wake, ambaye alikuwa ameukaribia wavu mpaka pua inataka kuugusa.

“Bwana mwenyewe ni huyu,” alisema.

Wanawake walicheka, na yule mzee naye mabega yakamtikisika. Ndipo nikasimuliwa. Alipokuwa msichana, mashamba ya kwao yalikuwa ng’ambo ya mto, na wakati wa mvua nyingi hakuna aliyevuka bila mtumbwi. Kijana mwenye mtumbwi alikuwa amepeleka posa, na yeye akawaambia wazazi hataki. Wiki ile ile kijana alivusha wanawake wote akamwacha yeye peke yake, na kikapu cha mihogo kichwani, mvua inanyesha. Alisimama pale mpaka baba yake alipokuja kumfuata. Hakumtukana yule kijana. Alitunga wimbo, akawafundisha wenzake, na kwenye ngoma iliyofuata mistari minne ya wanawake ilimwuliza kijana mbele ya kijiji kizima kwa nini anaacha watu ng’ambo.

“Alikuja kuomba radhi?” niliuliza.

“Alikuja kunivusha,” alisema. “Msimu mzima, kila siku, bila kufungua mdomo. Mwisho nikamwonea huruma.”

Aliniimbia mwanzo wake tu, na nilipotaka kurekodi wimbo wote kwa sauti yake alikataa. Alisema ameuimba vya kutosha na wengine wameuchukua, wabaki nao. Alikuwa na mpya. Mume wake akasema, bila kuinua kichwa, “Safari hii nisiwemo.”

Hakuwemo. Wimbo mpya ulikuwa wa maduka na bei zake. Walinitafsiria mstari mmoja, nao nimeukumbuka: zamani tulikosa sabuni, siku hizi tunaitazama. Wanawake waliitikia wakipiga makofi, na mimi nilishika redio kwa mikono miwili nisikose hata pumzi. Tulipomaliza nilirudisha kanda nyuma, tukaisikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkubwa kusikia sauti yake mwenyewe. Aliniomba nisimamishe katikati.

“Huyu mwanamke anaharakisha,” alisema. “Anafika kabla ya makofi. Futa, turudie.”

Tulirudia mara tatu.

Niliporudi Mbinga, mzee wa duka alisikiliza kanda ile amesimama. Nilipomfasiria mstari wa sabuni, alitazama rafu zake kwa muda. Kisha akaniuliza kama yule mama aliwahi kuingia dukani kwake. Nilimwambia hajawahi kufika Mbinga. Akasema basi wimbo haumsemi yeye peke yake, na akauweka upande wa pili wa kanda ya ngoma za ziwani. Baada ya miezi michache wanunuzi wakawa wanaomba wasikilizishwe upande huo kwanza.

Mwalimu wa kwaya nilimpelekea habari zote, pamoja na ile ya posa. Aliuliza swali moja tu: kama mama yule aliimba mwanzo kwa kupanda au kwa kushuka. Nikamwimbia nilivyokumbuka. Alichukua penseli, akarekebisha nota mbili, na juu ya karatasi ile ya saruji akafuta jina lake na kuandika la mama wa Chiwanda.