Meza ya Mama Mkwe na Risasi za Leland

Leland Skaar aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakufunga mdomo hata kwenye kona. Alipostaafu alikwenda dukani kutafuta risasi za kuwindia kulungu, akaambiwa pakiti ya ishirini ni dola arobaini na tano. Loo! Alirudi nyumbani akifoka.

"Bernadine, natengeneza zangu mwenyewe! Maganda ya risasi za zamani tunayo, bure kabisa. Risasi moja haifiki hata dola."

"Na vyombo je?" mkewe akauliza.

"Vyombo unanunua mara moja tu, mama."

Mara moja, eti! Mashine ya kukandamizia risasi kwenye ganda, pamoja na mizani yake, ilikuwa dola mia nne na ishirini. Likaja pipa la kusugulia maganda, kikaja kikatio, maana ganda likishapigwa hurefuka. Fataki zile ndogo za kuwasha baruti nazo zilikuwa zimeadimika, na bei yake usiulize. Hayo yote Bernadine aliyameza. Lililomkaba koo ni meza. Siku alipokwenda kupika chakula cha msiba kanisani, Leland alitoboa matundu manne ya kufungia mashine, tena kwenye meza ya mwaloni ambayo marehemu mama mkwe wake, mama yake Bernadine, alikandia unga maisha yake yote.

Bernadine hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Leland, msimu unaisha Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo kama hakuna kulungu kwenye friza, mashine inatoka, na matundu unaziba wewe."

Basi akaingia kazini. Kitabu kinasema wazi: ukipima baruti, nyamaza. Leland anyamaze! Alipima huku akimpigia mkewe kelele hadi jikoni, akimhadithia trekta la jirani lilivyozama kwenye mfereji.

Jumamosi, wiki moja kabla ya msimu kuisha, walikwenda mlimani wote wawili, na chupa ya kahawa. Dume la kulungu likasimama hatua themanini, ubavu wazi. Leland akafyatua. Ikalia pop, kama kizibo cha chupa. Kulungu akamtazama, akaendelea kula. Leland akawa anaingiza risasi ya pili, Bernadine akamdaka mkono.

"Usithubutu! Ile ya kwanza imekwama mtutuni. Hukuitia baruti, imesukumwa na fataki tu."

"Umejuaje?"

"Nimekisoma kitabu chako. Ukurasa uleule uliouwekea kikombe cha kahawa."

Fundi bunduki aliitoa kwa dola sitini, kicheko bure. Nyumbani Bernadine akazipima zilizobaki, moja moja, na mbili zikawa nyepesi, nazo hazina baruti. Leland akakaa chini. Angefyatua ile ya pili huku njia imezibwa, mtutu ungempasukia usoni.

"Ningekufa," akasema.

"Ungekufa unaongea," mkewe akajibu, lakini machozi yakamtoka.

Leland akachukua spana bila kuambiwa, akaanza kulegeza bolti za mashine. "Umeshinda, mama. Naiondoa."

"Weka hiyo spana chini. Nimepima unga kwenye meza hii miaka arobaini, keki haijawahi kugoma kuumuka. Baruti sasa napima mimi, wewe nenda kaokote maganda."

Jumapili ya mwisho risasi aliyoipima Bernadine ililia mara moja tu, kulungu chini. Jioni walikula ini na vitunguu, na Leland alihadithia mlio ule mara saba.

Mwezi wa kwanza ukaja mzigo: mizani mpya ya umeme, ya Bernadine, dola mia tatu na arobaini. Leland aliisoma risiti mara mbili. Mia tatu na arobaini! Akaenda mbio hadi kwenye ile meza, mdomo umeshafunguka. Mkewe, macho kwenye baruti, akainua kidole kimoja.

Hapo Leland akaliona boksi la risasi lililokwisha kufungwa, limeandikwa kwa mkono wa mkewe: "Za Leland. Zimepimwa mara tatu."

Akafunga mdomo, akaenda kuokota maganda.