Kaka Yangu Katika Dakika Tatu

Kaka yangu alikuwa mlinzi wa mlango wa nyuma wa jengo moja la mikutano, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Schuman, Brussels. Mimi nilifanya kazi mtaa wa pili, ghorofa ya tatu, katika chama kidogo kinachoshughulikia sera za kudhibiti tumbaku. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo walicheka, kwa sababu sijapata kumjua mvuta sigara kama kaka. Mchana nilishuka na chakula changu tukala pamoja pale mlangoni. Nikija peke yangu aliendelea kuvuta. Nikija na wenzangu wa ofisini aliificha sigara nyuma ya mgongo, akawasalimu kwa Kifaransa chake cha heshima huku moshi ukimpanda begani, kana kwamba hakuna kinachoungua.

Alinizidi miaka kumi na minne. Alikuja Brussels kama dereva wa ubalozi, na mkataba wake ulipokwisha akabaki. Ndiye aliyenipokea stesheni ya treni ya Gare du Midi nilipokuja kusoma. Nilimwona kwa mbali amevaa koti na kushika jingine mkononi, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Vaa kwanza, bibi, ndipo unisalimie." Aliniita bibi kwa kuwa nilirithi jina la bibi yetu mzaa baba. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Baba yetu alilima tumbaku Tabora. Tumekua sote na vidole vyenye ulimbo mweusi wa majani, usiotoka kwa sabuni. Labda ndiyo sababu niliipenda kazi yangu. Nchi zilizotia saini mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku hukutana kila baada ya muda, na kabla ya hapo wajumbe hukutana kuandaa maandishi. Sisi tulikuwa watu wa kuyasoma maandishi hayo mstari kwa mstari na kupiga kelele. Nimeona siku nzima ikiteketea kwa ajili ya neno moja: je, nchi "zitachukua" hatua, au "zinaweza kuchukua" hatua? Jioni nilimsimulia kaka, naye akatikisa kichwa. "Mnagombania maneno," alisema, "na mimi hapa nawafungulia mlango."

Alipoanza kukohoa alisingizia baridi ya Ubelgiji. Aliishi Berchem-Sainte-Agathe, kwenye majengo ya nyumba za kupanga za manispaa, na jirani yake wa mlango kwa mlango alikuwa mama mmoja Mrundi wa Bujumbura, mtu mzima aliyewahi kuwa mkimbizi na sasa anatunza wazee. Ndiye aliyenipigia simu ofisini.

"Mwanangu, kuja uone kaka yako. Anakohoa damu. Anafua mashuka yeye mwenyewe ili tusione."

Hospitali walimweka siku nne. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alituambia ni saratani ya mapafu na kwamba imeshafika kwenye mifupa. Kaka alikijua Kifaransa kuliko mimi, lakini akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Muulize kama naweza kumaliza zamu za mwezi huu." Nikamuuliza. Daktari akaniangalia mimi, si yeye, akasema hapana.

Baada ya hapo nilikuwa kwake kila jioni. Siku moja, dawa za maumivu zikiwa zimemlegeza ulimi, alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Alianza kuvuta akiwa na miaka kumi na miwili, kabla mimi sijazaliwa. Majani ya tumbaku yakishaingizwa kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, moto hauzimwi usiku na mchana kwa siku kadhaa, na ukizidi au ukipungua mazao ya mwaka mzima yanaharibika. Zamu ya usiku ilikuwa yake. Baba aliviringisha jani kwenye kipande cha gazeti, akampa, akamwambia, "Ukisikia usingizi, vuta."

"Nilijiona mwanaume," kaka alisema, na akalala.

Wiki tatu baadaye ulifanyika mkutano wa maandalizi, katika jengo lile lile alilokuwa akilinda. Ubishi ulikuwa juu ya kifungu kimoja kilichotaka makampuni ya tumbaku yasipewe nafasi ya kukaa mezani zinapotungwa sera za afya. Vyama kama chetu vilipewa dakika tatu tatu za kusema. Mkuu wangu wa kazi aliniita.

"Takwimu wameshazisikia mpaka wamechoka," alisema. "Waeleze habari za mtu. Za kaka yako, kama mwenyewe yuko radhi."

Nikamuuliza kaka jioni hiyo. Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho.

"Hapana. Mimi si kidonda cha kuonyesha watu."

"Sitataja jina."

"Nimesema hapana, bibi."

Nikasema sawa, na nilikuwa nimeamua hivyo kweli. Niliandika maneno mengine, juu ya sheria za matangazo, nikayachapa kwa herufi kubwa ili nisibabaike.

Ukumbini, kabla ya zamu yangu, mjumbe mmoja aliomba kusema. Alizungumza kwa utulivu, bila ubaya wowote. Alisema tusisahau kwamba mvuta sigara ni mtu mzima aliyechagua mwenyewe, na kwamba kumlinda mno ni kumdharau. Watu kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Zamu yangu ilipofika niliwasha kipaza sauti, nikaigeuza karatasi yangu juu chini, nikaanza kusimulia.

Niliwasimulia bani na moto. Niliwasimulia mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepewa sigara na baba yake mzazi ili asisinzie. Niliwaambia mtoto yule alikua, akavuka bahari, akasimama miaka mingi kwenye mlango ambao wao wenyewe wameupita asubuhi ile, na kwamba sasa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kukaa katikati. Nikawauliza ni siku gani hasa alipochagua.

Nikazima kipaza sauti. Mwanamke mmoja kwenye safu ya mbele alivua miwani akafuta macho. Halafu wakapiga makofi, jambo ambalo halifanywi sana katika mikutano ile. Kufikia alasiri kifungu kiliandikwa kwenye rasimu bila kupunguzwa neno. Mkuu wangu alinikumbatia kwenye korido. Nami nilifurahi. Sitaki kudanganya: nilifurahi sana.

Nilipokuwa natoka, mlinzi mmoja Mkongomani, aliyekuwa akipangwa zamu moja na kaka, alinisimamisha. Walikuwa wamemweka ndani ya ukumbi siku ile, naye alikuwa amesikiliza tafsiri ya Kifaransa kwenye viti vya nyuma.

"Dada, ile histoire, ile habari ulisema, ni ya vieux, ule muzee wa mulango ya nyuma, non?" Alikuwa anatabasamu, macho mekundu. "Nimeshamupigia simu. Nimemuambia, vieux, dada yako ameliza bazungu leo!"

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anampelekea mgonjwa habari njema.

Njia ya kwenda Berchem sikupata kuiona ndefu kama siku ile. Kaka alinifungulia mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake polepole, akishika ukuta. Hakuwa na hasira usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Nasikia umefanya kazi nzuri," alisema.

"Kaka, nisamehe. Kuna mtu alisema neno, nikashindwa kuvumilia."

"Mimi uniseme, haya. Mwili wangu umeshachezewa na kila daktari. Lakini umemsema baba. Mbele ya watu wasiomjua."

"Sikumsema vibaya. Nilisema yaliyotokea."

"Yaliyotokea unayajua wewe? Hukuwepo." Alikohoa, akangoja, akaendelea. "Mwaka mmoja kabla ya hapo mtoto wa jirani alisinzia kwenye bani lao. Paa likashika moto. Walimtoa ameungua miguu yote miwili. Ndiyo maana baba alinipa ile sigara. Na mara nyingi nilisinzia hata hivyo, nikaamka nimefunikwa koti lake, na yeye kakaa pale anachochea kuni, halafu mchana kutwa yuko shambani. Umewaambia hilo?"

"Sikulijua."

"Na alipozeeka, redio zilipoanza kusema sigara inaua, alikuwa ananipigia simu hapa. Kila mara, akimaliza salamu, ananiomba msamaha. Mpaka amekufa, ananiomba msamaha. Umewaambia?"

"Sikulijua, kaka."

"Hukuuliza."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitamani anifokee. Badala yake aliniuliza kama nimekula, akaniambia kuna supu jikoni, ya jirani, nipashe. Nikala nikiwa nimempa mgongo.

Kuanzia siku ile aliniita dada. Kwa upole, kwa adabu: asante dada, naomba maji dada. Mtu mwingine asingeona tofauti yoyote.

Majira ya baridi yalikuwa yanaanza ulipofanyika mkutano wenyewe, ule mkubwa, wa nchi zote. Sikusafiri, niliufuatilia kwenye kompyuta nikiwa kando yake. Siku ya tatu kifungu chetu kilianza kupunguzwa. Siku ya tano nchi chache zilisema zinahitaji muda zaidi wa kushauriana nyumbani. Siku ya mwisho mwenyekiti alitangaza kwamba suala hilo limeahirishwa mpaka mkutano ujao. Nikafunga kompyuta.

"Kimefika wapi kile kifungu chako?" kaka aliuliza. Nilidhani amelala.

Nilifikiria kumdanganya. "Wameahirisha."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega, mepesi kama ya mtoto. Alipopata pumzi alisema, "Basi umeniuza bure."

Nami nikacheka, huku nalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile tumecheka pamoja. Sijui kama huko kulikuwa kunisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Wiki zile za mwisho hakuweza tena kushuka ngazi, na lifti ilikuwa mbovu. Hakuwa ameacha kuvuta. Daktari alikuwa ameshaacha kumkataza. Alikaa kwenye kibaraza cha ghorofani amejifunika mablanketi mawili, akavuta nusu sigara, akaizima, akaitunza. Siku moja zilimwishia. Hakuomba, alikaa tu akiigeuza pakiti tupu mkononi. Jirani yetu alinitazama, nami nikamtazama, na mwisho nikavaa viatu.

Duka lilikuwa pembeni ya kituo cha tramu. Sigara haziwekwi tena mahali pa kuonekana. Ziko ndani ya kabati lililofungwa nyuma ya kaunta, na pakiti zote zina rangi moja ya tope na picha za maradhi. Sheria hiyo sisi tuliipigania. Ilipopita tulikata keki ofisini. Sasa nilisimama mbele ya mwenye duka, nikashindwa kulitaja jina la sigara ile kwa sauti, nikamwonyesha pakiti tupu.

"Ni za yule mzee mlinzi?" aliuliza. "Yeye huchukua zenye picha ya meno. Ya mapafu haitaki."

Akapekua kabatini mpaka akapata yenye meno.

Nilimpelekea kaka. Aliipokea, akaitazama picha, kisha akanitazama mimi. "Ofisini kwenu wakijua watakufukuza," alisema. Nikamwashia mwenyewe, maana vidole vyake havikuweza tena kiberiti cha gesi. Tulikaa pale kibarazani, theluji nyepesi ikiyeyuka juu ya vyuma vya ukingo, hatukusema mengi. Aliniuliza kama nakumbuka mlio wa mvua kwenye mabati ya nyumbani. Nikamwambia nakumbuka. Siku ya tisa baada ya hapo alifariki, asubuhi, jirani yetu akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Tulimzika huku huku, kama alivyotaka. Walinzi wenzake walikuja na sare zao, wengine wakitoka zamu na wengine wakienda zamu.

Niliombwa kusema tena kwenye mkutano uliofuata. Mkuu wangu alisema, kwa huruma ya kweli, kwamba sasa maneno yangu yatakuwa na uzito zaidi. Nilikwenda, nikasoma takwimu. Dakika tatu zote, takwimu tupu. Hakuna aliyepiga makofi.

Kabla ya hapo tulikuwa na kazi ya kuirudisha nyumba kwa manispaa. Mama yule wa Bujumbura alikuja na ndoo mbili, amevaa glavu za mpira. Tulipoondoa picha na kalenda, ukutani zilibaki alama nyeupe za mraba, na kwingine kote rangi ilikuwa ya manjano iliyokolea, miaka yote ile ya moshi. Tukaanza kusugua. Maji yakatoka mekundu kama chai, tukayamwaga, tukajaza mengine, yakatoka vilevile.

"Bon," mama alisema alasiri, akinyoosha mgongo. "Hii haitoke. Watapaka rangi."

Lakini hakuacha, nami sikuacha. Tulisugua mpaka mtu wa manispaa alipogonga mlango kuja kuchukua funguo.