Walicheza Juu ya Msiba wa Kaka Yangu

Nimeona watu elfu mbili wakirukaruka kwa furaha juu ya msiba wa kaka yangu.

Uamini usiamini, nilikuwepo.

Naitwa Tehit. Mimi ni Mtuareg, kwetu ni Aïr, kaskazini ya Agadez, nchini Niger. Wiki ile jangwani kwetu kulikuwa na matamasha mawili. La kwanza la wageni: maspika marefu kama nyumba, jenereta, kamba za kuzuia watu. La pili letu: ngamia, ngoma na mahema ya mama zetu.

Wageni walimwalika Mama aje na imzad yake, fidla ya uzi mmoja inayopigwa na wanawake. Tulipofika wakatuweka kwenye zulia pembeni.

"Asipige," mpiga picha akaniambia. "Akae tu, anapendezesha."

"Anasemaje huyo?" Mama akauliza.

"Anasema upumzike."

"Kwani nimemwambia nimechoka?"

Alasiri akapanda dijei, Mbelgiji anaitwa Joris. Mdundo ukashuka, watu wakapagawa. Mara, katikati ya mdundo, ikalia imzad.

Mama akanikamata mkono.

"Tehit. Huyo ni mimi."

Ulikuwa wimbo alioutunga Mama kumlilia kaka yangu Attaher, alipofukiwa na kisima alichokuwa akichimba. Aliupiga mara moja tu, hemani kwetu, miaka sita nyuma.

Mama akainuka, akavuka kamba. Mlinzi, kijana wa kwetu, akamzuia.

"Mama, huku haruhusiwi mtu."

"Mwanangu analiliwa humo. Nipishe."

Akapishwa.

Akapanda jukwaani, akashika waya mnene kuliko zote, akauvuta kwa mikono miwili.

Kimya.

Halafu wakaanza kuzomea. Chupa ikarushwa, ikapita karibu na sikio lake. Hakupepesa jicho.

Nikapanda kutafsiri. Joris alipoelewa, akabadilika rangi.

"Basi awapigie yeye mwenyewe," akaomba.

"Siwapigii," Mama akasema. "Hiki ni kilio. Anayetaka kukisikia aje kwetu Ijumaa, akae chini na viatu avue."

Ijumaa walikuja kama arobaini. Joris naye.

Mimi nikamvaa mbele ya watu. "Mwizi mkubwa wewe! Nani alikupa sauti ya mama yangu?"

Akanipa simu yake.

Sauti ile alitumiwa na Annelies, daktari wa mifugo aliyewahi kukaa kwetu mwezi mzima. Chini yake, picha ya ujumbe wa mtu aliyempa Annelies: "Chukua hii, utukumbuke."

Namba ilikuwa yangu.

Nilimrekodi Mama kwa siri siku ile ya msiba. Nikagawa, nikasahau kabisa.

"Mama, ni mimi."

Mama akanigeukia.

"Usiniambie mimi tu. Waambie na hao uliowapigia kelele."

Nikawaambia wote, machozi na kamasi. Joris akaufuta wimbo, na mimi nikaufuta wangu.

Ndipo Mama akapiga. Hakuna aliyecheza.

Ndugu msomaji, Joris alipaswa kuuliza, hilo silifuti. Lakini mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza. Kilio cha mama yako si chako kugawa, hata kama kiko kwenye simu yako.

Na siku nikiusikia tena unadundishwa popote pale, jukwaa nitalipanda mwenyewe. Mzomee mpaka mchoke.