Keki Aliyoipima Mama kwa Kopo

Mchanga ukipata moto wa mkaa una harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kuisikia siwezi kumweleza akaelewa. Si harufu ya vumbi, wala si ya udongo wa mvua ya kwanza. Ni kama harufu ya jiwe lililokasirika. Wiki iliyopita nilikuwa napita uchochoro mmoja huku Kizota, nikaisikia ikitoka nyuma ya ua wa watu, imechanganyika na limau, miguu ikagoma. Nilisimama pale muda mrefu hata mwenye nyumba akachungulia kuuliza kama natafuta chumba cha kupanga. Nikamwambia hapana, nanusa tu keki yenu. Akaniangalia jinsi watu wa Dodoma wanavyomwangalia mtu anayesifia jua.

Sikumweleza zaidi. Ninyi nitawaeleza.

Tulikaa Majengo, nyuma kidogo ya soko, watoto watano, mimi nikiwa wa katikati: si mkubwa wa kuheshimiwa wala mdogo wa kubebwa. Baba alikuwa fundi mwashi, akifuata kazi zilipo, na nyumbani alionekana kwa msimu kama kumbikumbi. Mama aliuza ulezi, kunde na karanga sokoni, akipima kwa kopo. Na kopo lile, jamani, mama angeweza kulijaza amefumba macho, huku anapiga soga, anagombana na mteja na kunyonyesha mtoto, na isizidi punje wala kupungua.

Dada yake, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, alikaa Chimwaga, akipika kwenye kantini moja ya wanafunzi. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alikwenda zake zamani. Hatukuambiwa wapi, na ukiuliza ulitumwa maji. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kwetu na keki ya limau, imefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Kwake alikuwa na oveni ya umeme na mizani ndogo ya jikoni, na kanuni yake aliikariri kama dua: unga, sukari, siagi na mayai, vyote uzito mmoja, kisha keki ikitoka motoni inatobolewa kwa njiti na kunyweshwa maji ya limau yenye sukari, ingali inahema. Ilikuwa laini, yenye unyevu hadi katikati. Naamini ungeiambia neno baya, ingelia.

Kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Kaka zangu walilalamika. Mimi nililiona jambo hilo kuwa haki tupu.

Likizo moja alinichukua wiki nzima. Nilirudi mtu mwingine. Nilikuwa nimelala kitanda cha peke yangu bila mguu wa mtu mbavuni, na nikaihutubia nyumba nzima: kule hata maji ya bomba yana utamu, kule hata mbu wana adabu, wanabisha hodi kwanza. Mama alikuwa anapepeta ulezi. Nikamalizia hotuba: "Mimi ningekaa kwa mama mkubwa mpaka nizeeke."

Ungo ukasimama. Kisha ukaendelea.

Ijumaa iliyofuata mama mkubwa hakuzunguka maneno. Nilikuwa nimejilaza mkekani, nimelala usingizi wa uongo, nikamsikia.

"Mdogo wangu, nipe Salma. Wewe unao watano. Nitamsomesha, nitamvisha, na kila Ijumaa nitakuja naye."

Mama akaendelea kuchambua kunde.

"Sitaki jibu leo. Nitakuja kulichukua Ijumaa ijayo."

Kwa watu wetu wa Kondoa, ombi la namna hiyo kati ya ndugu si ajabu. Nusu ya binamu zangu wamelelewa na shangazi au mama wakubwa, na hakuna aliyeota pembe. Lakini kwa mama ombi hili lilikuwa zito zaidi. Bibi yetu alifariki mama akiwa bado anatambaa. Mama mkubwa, naye mtoto tu, ndiye aliyeacha shule, akambeba mgongoni, akamlisha, akamkuza mpaka akamwoza. Mtu aliyekubeba mgongoni akikuomba kitu, hapana unaitolea wapi? Mama hakuwa nayo mdomoni. Baba alipopiga simu na kuelezwa, alisema, "Hayo ni ya dada yako, malizaneni wenyewe," kisha salio likakatika, kama ilivyo kawaida ya salio la wanaume penye jambo.

Wiki ile nyumba ilikuwa na kitu. Mboga ilitiwa chumvi mara mbili, kesho yake haikutiwa kabisa. Jioni mama alinikalisha kizingitini kunisuka. Akasuka, akafumua, akasuka tena, mpaka kichwa kikawaka moto. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshaanza kumgawia mdogo wangu upande wangu wa godoro, kwa masharti. Nilitaka kwenda. Lijueni hilo, la sivyo hamtaelewa ukimya wa mama.

Ijumaa asubuhi mama hakwenda sokoni, jambo lililokuwa halijatokea tangu dunia iumbwe. Alitoka dukani na unga wa ngano, siagi, mayai na malimau, akamimina mchanga wa korongoni kwenye sufuria kubwa, akaitenga kwenye jiko la mkaa.

"Mama, unapika nini?"

"Keki."

"Ya nani?"

"Ya watu."

Jirani yetu Mama Chausiku, mwanamke ambaye macho yake yalipenya ukuta, akatokea na kikombe kitupu akijifanya anaomba chumvi. "Haya, leo karanga zimesusiwa? Nasikia siku hizi watoto wanaposwa kwa keki."

"Chumvi iko pale," mama alisema.

"Na wewe naona unapeleka posa yako."

Mama hakucheka. Mama Chausiku akaondoka bila chumvi.

Mimi, mtaalamu niliyerudi kutoka Chimwaga, nikakumbusha kwamba mama mkubwa hupima kwa mizani. "Mkono wangu ndiyo mizani," mama alinijibu, akachota: kopo la unga, kopo la sukari, kopo la siagi, na mayai akayapasulia ndani ya kopo mpaka likajaa. Sawa kwa sawa, haki bin haki. Miaka mingi baadaye, kwenye masomo ya jioni, mwalimu alipotueleza tofauti ya ujazo na uzito, nilicheka peke yangu darasa zima likageuka. Kopo la sukari linalizidi kopo la unga kwa uzito, tena kwa mbali. Lakini mwanamke aliyelisha mji mzima kwa kopo angejuaje kwamba siku hiyo kopo lingemgeuka? Limau alilikwaruza kwa kikwaruzio cha karoti, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Ganda la njano likaisha, akaingia kwenye nyeupe chungu, na hakusimama.

Akaweka chombo cha keki juu ya mchanga, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko, akakaa mbele ya jiko. Kila nilipomwangalia alikuwa anajifuta macho kwa upande wa khanga. Moshi, nilijiambia. Makaa yale hayakuwa na moshi.

Keki ilitoka nyeusi pembeni, katikati imebonyea kama kitanda cha kamba kilichomlea mzee mnene. Mama akaitoboa, akainywesha maji ya limau, nayo ikanywa kidogo, mengine ikayatapika sahanini. Akaiweka kwenye sinia bora tuliyokuwa nayo.

Mama mkubwa alifika baada ya swala, kitambaa cha bluu mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba macho yake yakiwa kwenye sinia. Kitambaa chake hakukifungua. Akakaa mkekani.

"Nani kaoka?"

"Mimi, dada."

"Wewe."

"Ndiyo, dada."

Mama akamkatia kipande, akampa kwa mikono miwili. Mama mkubwa akatafuna taratibu. Mimi changu nilikuwa nimeshakitema nyuma ya mtungi: kitamu cha kuumiza meno, kisha kichungu kama dawa ya malaria.

"Umepima kwa nini?"

"Kwa kopo."

"Lile la ulezi?"

"Lile."

"Na limau umelikwaruza mpaka kwenye nyeupe."

"Nilitaka lisikike, dada."

"Linasikika."

Wote wawili wakatazama chini. Nikangoja waanze habari zangu. Mama mkubwa alikula mpaka makombo, akanyoosha sahani. "Niongeze."

Mama akamwongeza. Akala na hicho, bila hata maji. Kisha akafuta vidole, akajitengeneza ushungi.

"Haya, mdogo wangu. Nimeshiba."

"Dada, mimi..."

"Nimeshiba, nimekwambia." Alilisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akanigusa shavu, akaondoka, na keki yake imefungwa vilevile.

Nikaangua kilio. Mama akanivuta kifuani akidhani namlilia dada yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naililia keki iliyokuwa inatokomea mtaani ndani ya kitambaa.

Hakuna aliyenitaja tena kwa habari ya kuhama. Nami kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho: jinsi mpishi hodari wa Chimwaga alivyokula keki mbaya kupita zote nyanda za kati, na bado akaomba nyongeza. Watu walishika mbavu. Sikuwa nimejiuliza kwa nini mtu mwenye ulimi kama wake aliomba nyongeza. Angeweza kusema, "Nilikubeba, nipe." Neno hilo moja, na mama angenifungia nguo zangu jioni ileile. Alilijua. Akalimeza pamoja na kile kipande cha pili.

Idd iliyofuata mama alinituma Chimwaga na bakuli la pilau. Mama mkubwa alinifungulia mlango wa mbele. Akanikalisha kwenye kochi, akaniletea soda na bilauri juu ya trei, akaketi mkabala nami, akaniuliza habari za nyumbani na habari za shule, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilirudi Majengo kifua mbele, nikawatangazia wote kwamba siku hizi mama mkubwa ananiheshimu kama mtu mzima. Mama aliinuka akaenda uani.

Nina watoto wangu sasa, nao wakisikia kiu wananipita hapo nilipo wakachote wenyewe mtungini. Mtoto wa ndani haletewi trei.