Mwewe wa Gemu ya Kwanza

Wanafunzi wa hosteli za Wandegeya huja kwenye karakana yangu kuniuliza waanzie wapi na zile gemu za ninja. Huniuliza mimi kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza. Diploma yangu ya elektroniki niliisomea jioni, Uarabuni, baada ya saa kumi za kazi, na hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi Kampala nilikuwa na masanduku mawili, na moja lilijaa gemu hizo, kuanzia ile ya kale yenye picha za vidoti hadi zile ambazo unaona jasho la ninja usoni. Jibu ninalowapa leo ni sahihi. Nililipata kwa hofu.

Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipoondoka na kumi na sita niliporudi. Alilelewa na mama yangu kwenye nyumba za askari, huko huko nilikokulia, ambako watu huongea Kiswahili kwa sababu kila mlango umetoka upande wake wa nchi. Nilijenga nyumba yangu Mengo, nikamtengea chumba chenye dirisha kubwa. Lakini mama hakukubali nimchukue hivi hivi. Alisema mtoto atakuja kwangu Jumamosi nne, na baada ya hizo atasema mwenyewe anataka kuishi wapi. Akisema kwa bibi, basi nisimuulize tena.

Miaka yote ile, nilipokosa la kumwambia kwenye simu, nilimsimulia habari za ninja. Alipenda. Alipouliza kama nimemaliza gemu ya kwanza, ile inayosifiwa kwa ugumu, nilimjibu kwamba nimeimaliza mara tatu.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilimwekea hiyo hiyo. Kwetu hakuna anayeruka daraja. Baba yangu alichimba vyoo vya kambi kabla ya kupewa bunduki, na nilidhani gemu nazo zinafuata utaratibu huo, namba moja kwanza. Sikufikiri kwamba namba moja ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuwa na vidole vyepesi. Kuna mahali ninja anaruka kutoka mwamba hadi mwamba, na mwewe anatokea pembeni. Akikugusa tu, unatumbukia shimoni na kurudi nyuma kabisa.

Binti yangu alitumbukia siku nzima. Jumamosi ya pili pia. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Watoto wa nyumba za askari hujifunza mapema kunyamaza mbele ya mkubwa, nami najua jinsi wanavyonyamaza wakiwa wameshaamua. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, halafu viatu vyake mlangoni. Usiku ule chumba chenye dirisha kubwa nilikipita bila kukitazama.

Jumamosi ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, aliweka pedi ya kuchezea gemu juu ya mkeka.

"Baba, nionyeshe wewe."

Tangu nirudi nimelaani kila umeme unapokatika. Siku ile niliuomba ukatike. Taa ya runinga iliendelea kuwaka. Nilichukua pedi kwa mikono hii inayounga nyaya nyembamba kuliko unywele, na vidole vikateleza kwa jasho. Mwewe akaja. Nikatumbukia. Nikarudia, akaja tena. Mara ya sita nilisikia binti yangu akivuta pumzi.

"Mara tatu ulizomaliza," akasema, "mwewe walikuwa wameenda likizo?"

Ningeweza kusingizia pedi. Mimi ndiye fundi, angeamini. Lakini niliona anakoelekea. Kama ninja alikuwa uongo, kulikuwa na neno lingine nililolisema kwenye simu ile ile, kwamba mwakani narudi, na nililisema miaka mitano mfululizo.

"Sijaimaliza," nikasema. "Sijafika hata nusu."

Niliogopa kugeuka.

"Sasa wewe ulianzia wapi?"

Nilifungua sanduku, nikatoa ile ya katikati, ya miaka ambayo gemu zilianza kuwa na kina. Nilimweleza kwamba ina kiwango cha wanaoanza. Ukishakufa mara nyingi inakupa kiwango hicho, maadui wanalegea, lakini ninja wako anafungwa utepe mkononi ili ujue unaonewa huruma.

"Na wewe ulifungwa?"

"Miezi minne."

"Bambi," akasema, kama Waganda wanavyomwambia mtu maskini wee, na hapo alicheka, akifunika mdomo.

Alicheza hadi jua likaegemea upande wa Lubiri, jumba la Kabaka. Ninja wake alifungwa utepe, na kabla ya kwenda nyumbani aliuondoa mwenyewe kwa kuanza upya kwenye kiwango cha kawaida. Ndiyo maana wanafunzi nawaambia waanze na hiyo ya katikati, wasiuonee haya utepe, na namba moja waiache mwisho.

Akivaa viatu alisema, bila kunitazama, kwamba Jumamosi ijayo atakuja na godoro lake, kwa sababu la kwangu ni gumu.

"Lakini namba moja bado ipo," akaongeza. "Nikija, unamvuka mwewe nikiona. Hapo nitajua."

Hakusema atajua nini, lakini nilielewa kwamba anachopima ni neno langu, si gemu. Nilikuwa na siku sita. Kila nikitoka karakanani nilikaa mbele ya runinga, na kila siku, hadi Ijumaa usiku, mwewe alinitumbukiza.